Bote Tutavaa Nyeupe

Mwanamke aliye edani hatoki usiku. Mji mzima wa Kamembe unalijua hilo, hata wale ambao msikiti wanaupita tu wakienda sokoni. Hajipaki manukato, havai dhahabu, hatii wanja, na akisikika anacheka majirani watauliza nani yumo ndani. Nasiba aliijua sheria hiyo kuliko wengi, maana alishawasimamia wajane wa mtaa wake na hakuwaonea huruma hata kidogo. Sasa zamu ilikuwa yake. Mumewe Latifu, fundi seremala aliyetengeneza nusu ya milango ya Kamembe, alikuwa makaburini, na Nasiba alikuwa chumbani ndani ya nguo nyeupe, akingoja miezi minne na siku kumi zimpite.

Nguo yenyewe haikutoka dukani. Kwa watu wa ukoo wa Latifu, sanda ikishakatwa, bafta inayobaki haitupwi wala haipewi mtu. Mjane anashonewa gauni lake kutoka kipande hicho hicho, siku ile ile, kabla jeneza halijatoka. Kwa hiyo mume na mke wanagawana kitambaa kimoja, mmoja anaondoka nacho, mwingine anabaki nacho. Uwamwezi, dada yake Latifu, ndiye aliyelishona gauni la wifi yake kwa mkono, na mishono ilienda upande kwa sababu alikuwa analia. Hakuna aliyemwambia aifumue.

Basi katika kukaa huko ndipo simu ikaleta sauti ya Twahiru.

Twahiru alikuwa mtoto wao wa pekee. Kisa chake kila mtu anakijua, ila tukiseme kwa asiyejua. Alimpenda Sofie, muuguzi wa Ubelgiji aliyekuja kufanya kazi huku, akataka kuondoka naye. Latifu akakataa. Mtoto akaondoka hata hivyo. Na Latifu, mtu mkaidi kama mbao ya mninga, alifanya jambo ambalo Kamembe haijawahi kuliona: alikaa barazani siku tatu akipokea pole za msiba, akisema mtoto wake amekufa. Watu walikuja, wakampa mkono, wakanywa kahawa yake. Wengine walidhani ni mzaha mpaka walipoona macho yake. Tangu siku hiyo jina la Twahiru halikutajwa nyumbani, na Nasiba alikuwa akizungumza na mwanawe kwa simu akiwa amejificha nyuma ya jiko.

Ukaidi wa mtu una mwisho. Latifu alipoona safari imefika, alimshika mkewe mkono akasema, "Mwambie mutoto akuye. Asimame pa kaburi yangu, aniombe radhi. Mi nitakuwa nimekwisha kumupa." Kisha akageukia ukutani. Hayo ndiyo maneno aliyomwachia, na tangu hapo Nasiba hakutaka kitu kingine duniani. Hakutaka zawadi, hakutaka kupelekwa Ulaya. Alitaka Twahiru asimame pale kaburini, kwa muda wa Fatiha moja tu, halafu akitaka aende zake. Mtoto asiye na radhi ya baba ataishi, ndiyo, atakula na kulala, lakini ataishi vipi?

Alikuwa ameshamwomba kwa simu mara nyingi. Twahiru alimwambia pole, akamwambia kazi ni nyingi, akamwambia tutaona. Ndiyo sasa sauti ikaja:

"Maman, niko nakuya. Wakwe zangu batafanya sikukuu ya ndoa yao juu ya ziwa Kivu, mu bato kubwa ya batalii. Bato italala mbele ya Kamembe usiku moja, halafu asubuhi inaondoka. Kuya tukule na weye jioni. Ila uvae nguo nyeupe, Maman. Bote tutavaa nyeupe."

Nasiba aliisikiliza sauti ile, akairudia, akaiweka simu mapajani. Uwamwezi, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akainua kichwa.

"Amesema bote?"

"Bote."

"Na bale bazungu?"

"Bote, Uwamwezi. Amesema bote."

Wakatazamana. Kisha Uwamwezi akasukuma ungo pembeni na kufunika uso kwa kanga. "Amewaambia," akasema kwa kilio. "Amewaambia Latifu amekufa, na banakubali kuvaa nyeupe juu ya msiba yako. Kumbe bazungu nabo beko na heshima vile."

Msicheke. Ninyi mngeelewa nini? Mwanamke amekaa kwa nyeupe ya msiba, mwanawe anamwambia njoo kwa nyeupe, na sisi sote tutakuwa kwa nyeupe. Pande hizi mwanamke akivaa nyeupe tupu usiku ni kwa sababu moja, msiba. Nasiba alilia pia, lakini kilio chake kilikuwa kitamu, cha kwanza kitamu tangu jeneza litoke. Alijiona amepata mtoto, amepata mkwe, na amepata jamaa wa mbali wanaojua kuomboleza.

Eda ilikuwaje? Uwamwezi, aliyekuwa mkali kuliko mashekhe wote, ndiye aliyeilegeza. "Hauendi harusini," alisema. "Ni matanga ndiyo yanakuita. Ukikataa, utakuwa umekataa pole ya bantu." Ukitaka kujua mtu anapenda kitu kiasi gani, msikilize anavyokitafutia ruhusa.

Siku ilipofika, nyumba ikajaa wanawake wenye maoni. Jirani yao, Mama Mudathiru, alileta gauni la lesi alilovaa kwenye harusi ya mwanawe, lenye shanga kifuani, akasema hotelini kwenye maji mtu haingii na bafta. Akaleta na viatu vyenye kisigino. Nasiba akavirudisha vyote. Alivaa gauni lake la eda, akajitanda ushungi mweupe, akavaa kandambili nyeusi za ngozi ambazo mumewe alikuwa amezitia misumari. Hakujitazama kwenye kioo kwa sababu kioo kilikuwa kimefunikwa. Katika mkoba alitia kitu kimoja tu, kofia ya Latifu, ile ya vito, yenye vitundu vidogo, iliyofumwa kwa uzi wa kahawia, ili Twahiru apate cha kuvaa kichwani asubuhi akienda kaburini. Mzee Ndagijimana, mlinzi wa makaburi, alikuwa ameshaambiwa angoje getini baada ya sala ya alfajiri.

"Umulete," Uwamwezi alimwambia wakiagana. "Usirudi na maneno. Umulete yeye."

Meli ilikuwa imetia nanga mbali kidogo na bandari, taa zote zikiwaka ingawa jua lilikuwa bado linaonekana juu ya Bukavu, ng'ambo ya Kongo. Mashua ndogo ikamchukua. Aliposhuka mashuani penye ngazi ya meli, kijana aliyevaa glavu akampa kitambaa cha moto ajifute mikono, naye akajifuta bila kufikiri. Kilikuwa na manukato ya maua, makali. Alijaribu kuyafuta kwenye ushungi na gauni, navyo vikanukia. Astaghafirullah, akasema moyoni, na akapanda.

Akawaona. Walikuwa wamesimama sitahani, wazee kwa vijana, wanaume kwa wanawake, wengine wazungu, wengine Wahindi, wengine watu wa Kigali, na wote, wote kabisa, walikuwa ndani ya nguo nyeupe. Hakuwa ametegemea meli nzima. Mzee mmoja mwenye mvi, aliyekuwa karibu na ngazi, akamnyoshea mkono, na Nasiba akaupokea kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa kama mfiwa anavyopokea pole, akasema, "Mungu akulipe, Papa. Mungu akulipe." Mzee akatabasamu na kumtilia mkononi glasi yenye povu.

Hapo ndipo muziki ulipoanza. Ilikuwa rumba ya Kongo, gitaa juu juu, na yule yule mzee mwenye mvi akaanza kutikisa kiuno akienda nyuma, watu wakimpigia makofi.

Nasiba alisimama na glasi yake. Msichana wa kuhudumia, Nyiraneza, ambaye lafudhi yake ilimtangaza kuwa mtu wa Gikundamvura, si mbali na Kamembe, akamjia kuichukua, maana aliona mama mwenye ushungi ameshika pombe.

"Mwanangu," Nasiba akamuuliza kwa sauti ya chini, "hawa bantu bamevaa nyeupe juu ya nini?"

"Ni fete, Maman. Usiku wa mwisho wa safari bote banavaa nyeupe, bakule, bacheze. Kila safari ni vile."

"Kila safari?"

"Yego. Hata ile ingine iliyopita."

Nyiraneza akaondoka na glasi. Nasiba alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, na nyuma ya aibu kitu kibaya zaidi, ile furaha yake yote ya chumbani ikigeuka kuwa kichekesho. Hakuna aliyekuja kumlilia Latifu. Lakini mama ni mama. Akajiambia, haidhuru, nguo ni nguo, mimi nimefuata mtu. Na yule pale mtu wake, anakuja mbio kati ya meza.

Alikuwa amenenepa, Twahiru, na alikuwa ameanza upara kama baba yake. Alimkumbatia mama yake mpaka ushungi ukamtoka. Walikaa hivyo kwa muda, na kwa muda huo Nasiba hakukumbuka lolote.

"Uko muzuri sana, Maman," akasema akimtazama toka juu hadi chini. "Robe hii umeshonesha wapi?"

Nasiba akamwangalia. Alidhani anatania. Hakuwa anatania. Mtoto aliyezaliwa Kamembe, aliyeshuhudia bibi yake akikaa eda kwenye kitanda cha chumba kile kile, alikuwa anaangalia gauni la eda na kuona robe.

"Shangazi yako ameshona," akajibu.

Mezani walikuwa Sofie, mwenye uso mwema na macho ya kuchoka, baba yake, mtu mnene mcheshi, na mama yake, Madame Hilde, ambaye alimshika Nasiba mkono na hakuuachia. Twahiru alikuwa anatafsiri, kidogo kidogo, akiruka mengi. Alichokuwa amesahau ni kwamba mama yake aliuza nyanya na vitunguu upande wa Bukavu miaka yote kabla mwanawe hajaingia kidato cha kwanza, akivuka daraja la mpakani na kurudi kila siku. Kifaransa cha Nasiba kilikuwa Kifaransa cha darajani, kibovu midomoni lakini kizima masikioni.

Madame Hilde akasema gauni hilo ndilo zuri kuliko yote melini, halina makuu, wengine wote wanaonekana wamejipamba kama keki. Twahiru akatafsiri. Madame Hilde akasema meli hii waliichagua ili wamwone mama wa mkwe wao. Twahiru akatafsiri. Kisha Madame Hilde akalengwa na machozi, akaubana mkono wa Nasiba, akasema anamheshimu sana, kwa sababu si rahisi mwanamke kulea mtoto peke yake, na Twahiru alikuwa mdogo mno baba yake alipofariki, miaka minne tu, hata sura yake haikumbuki.

Twahiru hakutafsiri. Alisema tu, "Anakushukuru, Maman," akakata nyama yake.

Nasiba aliweka uma chini. Samaki wa mbele yake alipoa. Alimwona Latifu akiwa hai, akiranda mbao uani, na mtoto wa miaka mitano, wa saba, wa kumi, akikusanya takataka za randa kwenye debe na kuchapwa kwa kucheza na patasi. Yote hayo yalikuwa yamefutwa.

Akasimama. "Twahiru, kuya," akasema.

Walisimama ukingoni, mbele yao taa za Kamembe zikianza kuwaka mlimani. Alimwambia kwa mkato, maana aliogopa sauti yake. Alimwambia maneno ya baba yake kama yalivyotamkwa. Alimwambia kaburi liko pale juu, pikipiki inafika upesi, Mzee Ndagijimana anangoja alfajiri, na mashua ile ile inaweza kumrudisha kabla meli haijang'oa nanga.

"Radhi yako iko pale, mutoto yangu. Ameiacha. Ni kuichukua tu."

Twahiru alitazama maji. "Ye ndiye alianza kunizika, Maman. Alikaa pa baraza bantu banakuya kumupa pole, na mi nikingali muzima. Ungetaka nibaambie nini bale? Niko na Papa mwenye alifanya matanga yangu? Nilisema amekufa. Ilikuwa rahisi."

Nasiba alijua ni kweli. Ile kahawa ya msiba, yeye ndiye aliyeipika. Latifu alimwamuru, naye akawasha moto. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Hii robe uliuliza," akasema mwishowe. "Ni ya eda. Ni bafta yenye ilibaki pa sanda ya baba yako."

Twahiru akageuka. Akaushika mkono wa gauni kati ya kidole gumba na kidole cha pili, akausugua taratibu, kama alivyofundishwa utotoni kupapasa mbao kujua kama imekauka. Midomo yake ikatetemeka. Nasiba akaomba Mungu asipite mtu. Kama wangeachwa hapo kwa muda mfupi tu, mtoto angelia, na akilia angekuja. Mama anajua mtoto wake anavyoanza kulia.

Basi akafungua mkoba kwa haraka na kuitoa kofia. "Ya baba yako," akasema. "Utaivaa asubuhi."

Twahiru aliijua kofia ile. Aliiona kila Ijumaa ya utoto wake. Akanyosha mkono, na mkono ule ulikuwa bado hewani Madame Hilde alipofika na mumewe na mpiga picha, akicheka, akiuliza wamejificha wapi. Akaiona kofia. Uso wake ukang'aa. Zawadi, akasema, ameleta zawadi kwa sikukuu yetu, na imefumwa kwa mkono, angalia! Akaichukua kwa upole kutoka vidoleni mwa Nasiba, akamshukuru, akambusu mashavu yote mawili, akamvisha mumewe. Ilimtosha kabisa.

Nasiba alimtazama mwanawe. Yalihitajika maneno matatu. Kofia ya baba. Hata kwa Kifaransa ni rahisi, watoto wa shule wanayajua. Baba mkwe aligeuza kichwa huku na huku ajionyeshe, na Sofie, aliyekuwa amefika, akamtazama mumewe kama aliyeona kitu usoni pake, akauliza kama kuna nini.

"Hakuna kitu," Twahiru akasema. "Inampendeza."

Mpiga picha akawapanga. Walimweka Nasiba katikati, Madame Hilde upande huu, mumewe na kofia kichwani upande ule, Twahiru nyuma. Wakaambiwa watabasamu. Nasiba, ambaye hakutabasamu tangu siku ya maziko, akatabasamu, kwa sababu mwanawe alimwekea mkono begani na mkono ule ulikuwa unamsihi.

Wakati wa kuagana, mashua ikingoja, Twahiru akamwambia sikioni, "Asubuhi, Maman. Nitajaribu." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uongo wake vilevile.

Uwamwezi alimpokea mlangoni. Hakuuliza, maana alimwona amekuja peke yake. Akasogea kumvua ushungi, akasimama ghafla, akanusa.

"Umenukia, Nasiba."

"Ndiyo."

"Na kofia?"

"Iko pa kichwa cha muntu."

Alipokwisha kusema hivyo ndipo akalia, na kilio hicho hakikuwa na utamu wowote. Walilifua gauni kwa sabuni ya mche, wakalisuuza, wakalifua tena. Harufu haikutoka.

Alfajiri alilivaa likiwa bichi akaenda makaburini. Uwamwezi hakumkataza, akafuatana naye. Eda iliyovunjwa jioni, asubuhi utaichungia nini? Mzee Ndagijimana alikuwa getini na tasbihi yake, amefagia majani mpaka kwenye kaburi, na amesogeza jiwe ili mgeni apate pa kusimama. Wakangoja. Pikipiki zilipita, kila moja ikiwafanya wageuke. Jua likatoka upande wa msitu wa Nyungwe. Halafu king'ora cha meli kikalia chini ziwani, kirefu, na baada yake kifupi, nao wakaiona ikigeuka taratibu na kuelekea kaskazini, nyeupe yote.

Simu ikatetema. Ilikuwa ile picha, bila neno. Uwamwezi akaichukua, akaisogeza karibu na macho.

"Bote beko nyeupe," akasema. Akaendelea kuitazama. "Nasiba, muntu asiyekujua, ataona mwenye msiba ni nani?"

Nasiba akaichukua simu, akaitia mkobani. Mzee Ndagijimana akakohoa kwa adabu, akauliza kama waendelee kungoja, maana yeye hana haraka.

"Hapana, Mzee," Nasiba akasema. "Soma Fatiha."

"Ya marehemu Latifu," Mzee akasema.

"Ya Latifu," akasema, na akainua mikono yake iliyonukia maua mbele ya uso. "Na ya Twahiru bin Latifu. Soma ya bote babili."